Jinsi ya kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo: kazi, masomo na mshahara

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, maswali huwa yale yale. "Nimefaulu PCB, nataka kuwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Nitasoma miaka mingapi? Wanalipwa kiasi gani?" Kijana akitafuta jibu mtandaoni anakutana na habari za Marekani: miaka 7 ya mafunzo na mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Ni habari za kweli, ila ni za huko. Anayeanzia Tabora, Kibaha au Chake Chake anahitaji maelekezo mengine, na ndiyo ninayoyaandika hapa. Nitakwenda na Tanzania zaidi. Kenya, Uganda na Rwanda nitazigusa kwa sababu njia zetu zinakutana, na Uingereza na Marekani nitaziweka karibu na mwisho kwa wanaofikiria kwenda huko.

Hatua ya 1: Ijue kazi yenyewe kabla ya kuipenda

Bingwa huyu anatibu ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Katika hospitali zetu wanaojaza wodi yake ni majeruhi wa ajali, hasa za bodaboda. Watoto wenye kichwa kikubwa kilichojaa maji, na wenye mgongo wazi. Watu wenye uvimbe ndani ya fuvu. Na wenye matatizo ya mgongo, kuanzia disiki iliyochomoza hadi pingili zilizovunjika kwa mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe.

Chukua mgonjwa mmoja wa kawaida kabisa. Mzee wa miaka sabini na kitu alijigonga kichwa wiki kadhaa zilizopita, hakujali. Sasa anaburuza mguu na maneno yanampotea. Nyumbani wamesema ni uzee, wengine kiharusi, wengine wamesema kuna mtu amemchezea. Picha ya CT inaonyesha damu iliyovilia taratibu kati ya fuvu na ubongo, nayo imeusukuma ubongo upande mmoja. Anaingizwa thieta. Nywele zinanyolewa, ngozi inachanwa sentimita chache, kisha fuvu linatobolewa. Pasipo na drili ya umeme inatumika ya kuzungusha kwa mkono, na mkono unausikia mfupa ukibadilika: tabaka la nje gumu, la katikati laini na linatoa damu, la ndani gumu tena. Hapo mpasuaji anapunguza nguvu, kwa sababu kilichobaki ni utando, na chini ya utando ni ubongo. Utando unaonekana kwenye tundu, rangi yake ya kibuluu. Anauchana kwa alama ya msalaba, na damu ya zamani inatoka nyeusi kama oili chafu ya gari, wakati mwingine kwa kuruka. Wanasuuza kwa maji ya chumvi mpaka yatoke safi, wanaacha mpira wa kutolea maji, wanashona. Mara nyingi yote huisha ndani ya saa moja. Keshoye mzee anaweza kuwa anaongea na kudai chai.

Upasuaji wa aina hii ndio unaowavuta wengi, na ni haki yao kuvutwa. Lakini uvimbe ulioshikana na mishipa mikubwa chini ya ubongo unaweza kula saa 8 au zaidi, mpasuaji kainamia hadubini, na mgonjwa asiamke sawasawa. Kijana wa bodaboda aliyeletwa bila kofia ngumu anaweza kufanyiwa kila kinachowezekana na bado akafa siku ya tatu. Mwingine ataishi, ila hatatembea tena, na wewe ndiye utakayemwambia.

Jambo ambalo wanafunzi hawaambiwi vya kutosha ni kwamba kazi hii inaamuliwa wodini. Thieta inafuata baadaye. Majeruhi wa kichwa hupimwa kwa alama zilizoasisiwa Glasgow mwaka 1974: kufungua macho alama 4, kuongea alama 5, kusogeza viungo alama 6. Mzima kabisa ana 15, aliye chini kabisa ana 3, na akifika 8 au chini ya hapo anahesabiwa yuko kwenye koma na njia yake ya hewa lazima ilindwe. Sasa mgonjwa aliyekuwa na 14 saa nne usiku, akawa na 11 saa saba, anakufa mbele ya macho yenu kama hakuna aliyempima tena katikati. Sista wa zamu aliyeona mboni moja ya jicho imepanuka na akapiga simu mara moja ameokoa maisha kabla ya kisu chochote kushikwa. Anayetaka kazi hii na apende raundi, apende kumpima mtu yule yule mara tano kwa siku. Asiyependa hayo aangalie fani nyingine ya upasuaji, kwa sababu hapa atateseka na atatesa watu.

Hatua ya 2: Sekondari

Hapa sina mengi. Kidato cha tano na sita unasoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, ndiyo PCB yenyewe, na unafaulu zote tatu vizuri, maana ushindani wa nafasi za udaktari ni mkubwa kuliko kiwango cha chini kilichoandikwa. Soma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa mwaka wako mwenyewe, usitegemee aliyoambiwa kaka yako miaka mitatu iliyopita, kwani vigezo hubadilika.

Aliyekosa nafasi asikate tamaa. Stashahada ya utabibu yenye ufaulu mzuri nayo inafungua mlango wa chuo kikuu. Emmanuel Mayegga alikuwa daktari msaidizi katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2006 alipofika Dk. Dilan Ellegala, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, na kuanza kumfundisha upasuaji wa kichwa pale pale kijijini. Baadaye Mayegga akaenda kusomea udaktari wenyewe.

Hatua ya 3: Shahada ya udaktari, miaka 5

Vyuo viko kadhaa: MUHAS Dar es Salaam, KCMC Moshi, CUHAS Bugando jijini Mwanza, UDOM Dodoma, Kairuki na vingine. Kenya shahada hii huchukua miaka 6, Uganda 5. Usihangaike sana na jina la chuo. Hangaika na hospitali inayofundishia: ina wagonjwa wa kutosha, na mwalimu anakuja kwenye raundi?

Kama umeshaamua kuelekea kwenye ubongo, mambo matatu yafanye ukiwa chuoni. Anatomia ya kichwa, shingo na mgongo isome kwa mkono kwenye maiti, usiishie kwenye picha za simu. Ukifika miaka ya wodini, jifunze kumpima mgonjwa mishipa ya fahamu kwa mpangilio ule ule kila siku, kuanzia hali ya fahamu, mishipa ya kichwani, nguvu za mikono na miguu, hisia, hadi mwendo, mpaka uweze kuonyesha tatizo lilipo kabla picha haijapigwa. Picha ya CT hupatikana katika hospitali kubwa, ila mashine huharibika, foleni huwa ndefu, na kuna familia ambayo haina pesa ya kipimo siku hiyo. La tatu, chomwa chanjo ya homa ya ini B ukamilishe dozi zote kabla hujaanza kushika sindano na visu.

Omba pia kukaa na timu ya upasuaji wa ubongo wakati wa likizo. Usiogope kukataliwa. Wengi watakukubalia ukifika mapema, ukavaa kwa heshima na ukasaidia kazi ndogo ndogo: kupeleka sampuli maabara, kutafuta picha iliyopotea, kumsukuma mgonjwa.

Hatua ya 4: Mafunzo kwa vitendo na usajili

Baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, ambao kila mtu anauita intern. Unazunguka idara kuu, unapata posho, unachoka sana. Ukimaliza unasajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina baraza lake. Weka nakala za kila cheti, kila barua na kila kitambulisho mahali pawili tofauti. Utaombwa nyaraka hizo tena na tena kwa miaka 15 ijayo, na ofisi nyingi hazina subira na mtu aliyepoteza.

Hatua ya 5: Miaka ya katikati, ambapo wengi hupotelea

Kati ya intern na kuanza ubingwa kuna kipindi ambacho hakiandikwi kwenye ramani yoyote. Ajira za serikali hazitoki kila siku, na unaweza kujitolea au kufanya kazi hospitali binafsi kwa muda. Ukiajiriwa, unapangiwa hospitali ya wilaya ambako unazalisha, unatibu malaria na unafanya upasuaji wa dharura wa uzazi. Familia nayo inaanza kukutegemea: ada ya mdogo wako, bati la nyumba ya mama. Mtu anajikuta amekaa miaka 6 na ndoto imefifia.

Njia ya kulipita hili ni kuwa na tarehe. Mtumishi wa umma anatakiwa athibitishwe kazini, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika baada ya mwaka wa majaribio, ndipo aombe ruhusa ya masomo. Kwa hiyo siku unayoripoti kituoni, uliza utaratibu wa mpango wa mafunzo wa halmashauri na uombe jina lako liingizwe. Ukipewa ruhusa rasmi, mshahara wako unaendelea ukiwa masomoni. Ukiondoka bila ruhusa, unaweza kupoteza ajira yote. Tofauti ya karatasi hiyo moja ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Na wilayani kuna mengi ya kujifunza kwa anayetaka ubongo. Kila majeruhi wa kichwa unayempa rufaa, mwandikie barua nzuri: saa ya ajali, alama za fahamu alipofika, alama alipoondoka, mboni, dawa alizopewa. Kisha piga simu kule alikopelekwa uulize kilichomfika. Mabingwa wanawakumbuka madaktari wa wilaya wanaofanya hivyo.

Hatua ya 6: Chagua njia ya ubingwa

Njia ya kwanza ni ya chuo kikuu. MUHAS hufundisha fani hii kwa kushirikiana na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambayo ndiyo kitovu cha upasuaji wa ubongo na mgongo nchini. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada yake ya uzamili ya upasuaji wa ubongo, ya miaka 6. Katika njia hii wewe ni mwanafunzi: unalipa ada, na chuo hakikulipi mshahara hata kama unalala hospitali. Usipokuwa na mwajiri aliyekuruhusu au mfadhili, utaishi kwa shida.

Njia ya pili ni COSECSA, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao makuu Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1999. Hakina madarasa wala mabweni. Unaajiriwa au unapangwa katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya mkufunzi aliyeidhinishwa, na unafanya mitihani ya pamoja na wenzako kutoka nchi wanachama kama Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Malawi na Zambia. Miaka 2 ya mwanzo ni misingi ya upasuaji wote na mtihani wa uanachama. Inayofuata ni ya fani yenyewe mpaka mtihani wa mwisho. Uzuri wake ni kwamba unapata mshahara huku unasoma. Ugumu wake ni kwamba hakuna anayekusukuma kusoma, na ukiwa hospitali yenye mpasuaji mmoja aliyezidiwa, kufundishwa kunategemea nguvu aliyobaki nayo saa kumi na mbili jioni.

Njia ya tatu ni nje ya ukanda, na si lazima iwe Ulaya. Rabat, Morocco, pamekuwa kituo cha Shirikisho la Dunia la Vyama vya Madaktari wa Upasuaji wa Ubongo cha kuwafundisha vijana wa Afrika tangu mwaka 2002. Dk. Claire Karekezi wa Rwanda alisomea huko, akaongeza ujuzi wa uvimbe wa ubongo Toronto, kisha mwaka 2018 akarudi Kigali kuanza kazi katika Hospitali ya Jeshi ya Kanombe, akiwa mwanamke wa kwanza nchini mwake katika fani hii. Wasichana wanaoniuliza kama kazi hii ni ya wanaume nawaelekeza kwake, kisha nawaambia wachague kituo ambacho kina utaratibu wa maandishi wa likizo ya uzazi kwa wanafunzi wa ubingwa. Waulize mapema na bila aibu.

Kwa wanaobaki nyumbani, ufuatilieni ufadhili wa Wizara ya Afya wa masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi unaobeba jina la Rais Samia. Soma mkataba wake mpaka mwisho, hasa kipengele cha miaka unayotakiwa kutumikia ukirudi na kituo utakachopangiwa.

Kabla hujasaini popote, fanya hivi: uliza Baraza la Madaktari kama cheti cha huko kitatambuliwa hapa. Kisha tafuta wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wa programu hiyo, uwaulize ni upasuaji gani wameufanya kwa mikono yao wenyewe mwalimu akiwa amesimama pembeni. Majibu ya maswali hayo yana thamani kuliko tovuti yoyote ya chuo.

Hatua ya 7: Kuishi ndani ya mafunzo

Siku huanza kabla ya saa moja asubuhi kwa kupitia waliolazwa usiku. Kuna ripoti, kuna raundi, kuna thieta au kliniki, kisha zamu inayokwenda mpaka kesho yake. Marekani iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki mwaka 2003 baada ya kuona hatari ya madaktari kuchoka. Kwetu kikomo hicho mara nyingi kinategemea idadi ya watu waliopo kwenye orodha ya zamu. Sema ukichoka. Mpasuaji anayesinzia juu ya utando wa ubongo wa mtu ni hatari, na timu nzuri itakubadilisha.

Andika kila upasuaji kwenye daftari lako siku ile ile: tarehe, aina, ulifanya nini mwenyewe, matokeo. Daftari hilo ndilo litakalokuruhusu kuingia kwenye mtihani. Jifunze hadubini mapema, na kama kuna maabara yenye mifupa ya mazoezi au hata kichwa cha mbuzi kutoka machinjioni, tumia jioni zako huko.

Tengeneza ujuzi unaolingana na wagonjwa wako. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watoto 100,000 hupata kichwa kikubwa kila mwaka katika Afrika kusini mwa Sahara, wengi baada ya maambukizi ya utotoni au pamoja na mgongo wazi. Tiba ya kawaida ni kuweka mpira, shanti, unaotoa maji kichwani kwenda tumboni. Mpira ukiziba mtoto akiwa kijijini, na hospitali iko safari ya siku nzima, anaweza kufa njiani. Ndiyo maana Dk. Benjamin Warf, akiwa Mbale, Uganda, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliendeleza upasuaji wa kamera ndogo unaofungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuunguza sehemu ya tishu inayoyazalisha, ili watoto wengi wasihitaji mpira kabisa. Mbinu iliyokomazwa hapa kwetu ikaenda kufundishwa Marekani. Nenda ukajifunze mambo ya namna hiyo kwanza. Ya mashine za mabilioni yatafuata.

Na jifunze kusema na ndugu. Hili halina mtihani, lakini utalifanya kila siku. Mtoto wa mtu yuko ICU, mama yake amekaa kwenye benchi tangu jana. Usimpite. Inama, msalimie kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dokta, ataamka?"

"Mama, ameumia sana. Ubongo umevimba. Tumeondoa damu iliyokuwa inaubana, sasa tunasubiri uvimbe upungue. Bado sijui kama ataamka. Kesho saa moja asubuhi nitakuja hapa hapa nikwambie alivyolala."

Kisha saa moja uwepo. Daktari anayeahidi uzima ili mama aache kulia anamwibia nafasi ya kujiandaa, na anayejibu kwa maneno ya vitabu anamwacha akatafsiriwe na wapita njia.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya pesa, kwa kalamu

Anza na umri. Ukimaliza kidato cha sita na miaka 20, unapata shahada ukiwa na 25, unamaliza intern 26, unaanza ubingwa 28 au 29 mambo yakienda vizuri, unakuwa bingwa ukikaribia 35. Ukiongeza mwaka mmoja au miwili ya ubobezi, kama upasuaji wa watoto au wa mishipa ya damu ya ubongo, ni 36. Rafiki yako aliyesomea uhasibu kwa wakati huo ana miaka 13 ya mshahara.

Daktari anayeanza serikalini anaingia ngazi ya mshahara ya TGHS E. Tufanye mfano wa mshahara ghafi wa Sh 1,500,000 kwa mwezi. Mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF, unachukua asilimia 5, yaani 75,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 45,000. Kodi ya mapato inakokotolewa kwenye 1,425,000 iliyobaki baada ya PSSSF. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni 128,000 kwa milioni ya kwanza na asilimia 30 ya kinachozidi, jumla 255,500. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, asilimia 15 ya mshahara inakwenda huko, 225,000. Kinachobaki ni 899,500. Hapo bado hujakatwa mchango wa chama wala mkopo wa benki. Mtu anayekwambia daktari anaanza na milioni moja na nusu hajakuonyesha karatasi ya mshahara.

Bingwa anapanda ngazi na mshahara unakua, lakini kwa mabingwa wengi nyumba haijengwi na mshahara peke yake. Kuna posho za zamu na za kuitwa usiku. Kuna kliniki na upasuaji wa wagonjwa wa kulipia ndani ya hospitali za umma, ambako mapato hugawanywa kati ya hospitali na timu. Kuna kazi za jioni hospitali binafsi, kwa ruhusa ya mwajiri. Kuna kufundisha. Uliza kila kimoja kinalipwaje na kinalipwa lini, maana posho inayoandikwa na posho inayofika mfukoni hutofautiana. Nina mawazo makali kuhusu kazi za jioni: ni halali, na nchi inazihitaji, lakini mgonjwa wa wodi ya kawaida asiahirishwe ili wa kulipia apitishwe. Hilo likianza kuzoeleka kwako, punguza kliniki.

Kenya imetoa somo lake. Makubaliano ya mwaka 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari, KMPDU, yaliweka malipo ya intern karibu Sh 206,000 za Kenya kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ilitaka kulipa 70,000, madaktari wakagoma kuanzia katikati ya Machi mpaka Mei, na mvutano ukaendelea hadi mwisho wa mwaka ambapo kiwango cha awali kilikubaliwa. Mshahara wa daktari unapiganiwa kwa pamoja. Jiunge na chama chako na uhudhurie mikutano.

Sasa ya nje. Uingereza mafunzo ya fani hii ni miaka 8 baada ya miaka miwili ya msingi, na bingwa wa hospitali za umma za England alikuwa akilipwa kati ya pauni 105,504 na 139,882 kwa mwaka kwa viwango vya Aprili 2024, sawa na mabingwa wa fani nyingine. Marekani mafunzo ni miaka 7, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipwa dola 60,000 na kitu, na tafiti za mishahara huwaweka mabingwa wa ubongo kileleni, kwa wastani unaozidi dola 700,000 kwa mwaka. Lakini nafasi za kuanza mafunzo huko ni kama 240 kwa mwaka nchi nzima. Aliyesomea nje lazima afaulu mitihani ya USMLE, na kwa kawaida huhitaji miaka ya utafiti na barua za wapasuaji wanaojulikana huko ili afikiriwe. Jaribu ukipenda, ila usiache kuomba nafasi ya hapa huku unasubiri.

Hatua ya 9: Ukishakuwa bingwa

Kituo cha kwanza kitaamua miaka yako mitano ya mwanzo, kwa hiyo kichague kama unavyochagua chuo. Mbali na MOI, fani hii inafanyika Bugando, KCMC, Benjamin Mkapa Dodoma, na Mnazi Mmoja Zanzibar, ambako Taasisi ya NED ilianzishwa kwa ushirikiano na timu ya Dk. José Piquer wa Hispania. Mikoani utafanya kila kitu na utakuwa peke yako. Dar utakuwa na wenzako na foleni.

Kabla hujakubali, tembelea kituo siku ya kazi. Hesabu vitanda vya ICU. Uliza CT iliharibika lini mara ya mwisho na ilikaa siku ngapi. Tafuta daktari wa usingizi aliyezoea upasuaji wa kichwa, maana bila yeye hufanyi lolote. Uliza damu inapatikana vipi usiku, hadubini iko wapi na nani anaitengeneza, na mgonjwa asiye na bima anapata wapi mpira wa shanti. Andika majibu, uyaambatanishe na barua yako ya kukubali kazi pamoja na orodha ya vifaa vinavyokosekana, uombe mganga mfawidhi aisaini na kuandika tarehe ya kuvinunua. Nakala moja baki nayo.